Data ya websaiti yako inaingia kwa akaunti ya nani?

Biashara nyingi hapa Nairobi ziko na Google Analytics, ile zana ya Google ya kuhesabu wageni wa websaiti, lakini ukiuliza mwenye biashara hiyo data inaingia kwa akaunti gani, iliyofunguliwa na imeili ya nani, unaambiwa "iko tu kwa websaiti, developa aliweka". Kwa websaiti kuna kipande cha javaskripti tu, kazi yake ni kutuma. Inakotumwa ni kwingine kabisa, na inaweza kukaa ikitumwa mahali si pake miaka na hakuna mtu anajua. Nimeona niandike hii kwa urefu juu watu wanalipia matangazo kila mwezi, wanaongeza bajeti hapa wanakata pale, wakiangalia ripoti ambayo iko na nusu ya wateja wao ama iko na wateja wa mtu mwingine ndani, na hiyo ripoti ina grafu safi kabisa, hakuna mahali imeandikwa kuna shida.

Kwanza tuelewe mpangilio, ukiukosa hapa mambo ya mbele yatakuchanganya. Kwa Analytics, juu kabisa kuna akaunti, na kwa kawaida akaunti moja ni biashara moja. Ndani ya akaunti kuna propati, moja ama nyingi, na propati ndio inashika ripoti, ndio unafungua asubuhi ukaona watu wangapi waliingia. Halafu ndani ya propati kuna strimu, ambapo data inapitia kuingia: ya websaiti, ya app ya Android, ya app ya iPhone. Strimu ya websaiti inapewa ID inayoanza na G- halafu mchanganyiko wa herufi na namba. Websaiti haijui jina la biashara yako, haijui imeili yako, inajua hiyo ID peke yake, na propati yenye hiyo ID ndio inapokea kila kitu.

Ukituma pesa kwa M-Pesa, kabla hujamaliza unaonyeshwa jina la anayepokea, ukiona si yeye unasimamisha, na hata ikishaenda bado unaweza kuomba irudishwe kupitia 456. Analytics haina hiyo hatua. Kama ID ni halali lakini ni ya propati ya mtu mwingine, data inapokelewa vizuri tu, seva inajibu sawa, wewe huambiwi na huyo mtu haambiwi. Na haiwezi kurudishwa, kilichoingia propati moja hakitolewi kikapelekwa nyingine. Ndio maana nasisitiza uanze kucheki upande wa websaiti kabla hata hujafungua ripoti, juu ripoti itakuonyesha kilichofika, kile hakikufika haina habari nacho.

Kitu kingine kinachopoteza watu ni kwamba ID ziko za aina nyingi na zinafanana ukiangalia haraka. UA- ni ile Analytics ya zamani, propati za bure za aina hiyo ziliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023 na za kulipia zikafuata 1 Julai 2024. G- ndio ya sasa, ile inaitwa GA4. GTM- si Analytics hata kidogo, ni konteina ya Google Tag Manager, mahali pa kuwekea tegi zako zote (vile vipande vya msimbo vinavyotuma data) ndio usikuwe unagusa msimbo wa websaiti kila siku, na Tag Manager iko na akaunti yake na watumiaji wake tofauti. AW- ni ya Google Ads. Na siku hizi kuna GT-, tegi ya Google ambayo inaweza kupeleka data mahali pawili ama zaidi. Kwa hivyo mtu akikutumia namba ya GTM- kwa WhatsApp akakuambia hiyo ndio Analytics yenu, hajakujibu bado. Konteina hiyo inaweza kuwa na tegi tatu za G- ndani, kila moja ya propati yake, moja yenu, moja ya ejensi mliyoachana nayo, na moja hakuna mtu ofisini anaikumbuka.

Hii vurugu haikuanza jana. Google walizindua Analytics mwaka 2005, toleo la Universal (hiyo ya UA-) likaja 2012, GA4 ikatoka Oktoba 2020, na watu wengi waliipuuza hadi walipoambiwa ya zamani inafungwa. Sasa kuanzia Machi 2023 Google wakaanza kuwatengenezea propati mpya za GA4 wale ambao hawakuwa wamejitengenezea na hawakuwa wamekataa. Unaona shida inavyokuja: biashara ambayo developa wake alikuwa ameshaweka GA4 kivyake, kwa akaunti nyingine, ikajikuta na propati mbili, ya developa na ile Google walitengeneza, zote na jina karibu sawa, moja inakula data yote na nyingine inapata kidogo ama haipati kabisa. Ukiingia ukafungua hiyo isiyo na kitu utadhani websaiti imekufa.

Na kuna moja imejificha zaidi. Ndani ya mipangilio ya strimu kuna mahali tegi moja inaunganishwa na nyingine, Google wanapaita connected site tags, yaani tegi iliyoko kwa websaiti inapewa kazi ya kupeleka data kwa propati nyingine ambayo ID yake haiko popote kwa kurasa zako. Wakati wa kuhamia GA4 wengi walipitia njia hiyo, GA4 yao ikawa inalishwa kupitia ile tegi ya zamani ya UA-. Sasa anakuja developa mpya mwenye bidii, anaona UA- kwa msimbo, anasema hii ilikufa 2023, anaifuta. Kesho yake ripoti ya GA4 ni sufuri. Kabla ya kufuta tegi yoyote nenda uangalie kwanza imeunganishwa na nini.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe, na hii ndio sehemu ningependa hata mwenye biashara ambaye si mtu wa kompyuta aijaribu mwenyewe, haihitaji neno la siri la mtu yeyote. Fungua websaiti yako kwa Chrome kwa kompyuta, kwa dirisha la faragha ambalo halina vizuia matangazo, juu hivyo vinazuia Analytics na utadhani hakuna tegi. Bonyeza F12, nenda kwa Network, pale pa kutafutia andika collect, halafu pakia ukurasa upya. Utaona mistari yenye anwani iliyo na g/collect ndani yake. Huo ndio ujumbe wenyewe ukiondoka kwa brauza. Bonyeza mmoja uangalie vipande vyake: tid ndio ID inayotumiwa data, en ni jina la tukio, kwa mfano page_view, dl ni anwani ya ukurasa, cid ni namba ya brauza ya mgeni. Andika hiyo tid kwa karatasi. Baadaye ingia Analytics, nenda Admin, fungua Data Streams, chagua strimu ya websaiti, linganisha herufi kwa herufi. Usilinganishe kwa kumbukumbu, sufuri na O zinadanganya macho.

Ukiona tid mbili tofauti, data inaenda mahali pawili na ni lazima ujue ya pili ni ya nani. Ukiona tid moja lakini page_view inatoka mara mbili kwa ukurasa mmoja, hiyo ni ile ya WordPress ambayo naiona karibu kila wiki, plagini imeweka tegi na Tag Manager pia imeweka, ama thimu iko na kisanduku cha kuweka ID na mtu alijaza akasahau. Hapo kurasa zinahesabiwa maradufu na wageni wako wanaonekana watu wa kusoma sana. Usifurahie hiyo namba. Na usikwame kwa ukurasa wa mwanzo peke yake, fungua ukurasa wa bidhaa, wa kulipia, wa asante, wa blogu, juu mara nyingi duka lilijengwa na mtu mmoja na blogu ikajengwa na mwingine na kila mmoja aliweka ID yake.

Kama hakuna g/collect kabisa, sababu ziko chache. Mtu alihifadhi mabadiliko kwa Tag Manager lakini hakubonyeza Publish, kwake kwa hali ya majaribio inaonekana inafanya kazi na kwa dunia yote haiko. Ama kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa), plagini ya kuharakisha websaiti ama huduma kama Cloudflare bado inagawa ukurasa wa zamani wenye ID ya zamani, safisha kashe ndio useme umebadilisha. Ama kile kidirisha cha kuomba ruhusa ya kuki (faili ndogo inayowekwa kwa brauza kumkumbuka mgeni) kinazuia tegi hadi mgeni akubali, na hiyo inaweza kuwa iko hivyo makusudi.

Lakini chanzo kikubwa cha data kupotelea kwa akaunti ya wengine, kwa maoni yangu, ni template. Ejensi ama developa anajenga websaiti ya kliniki, inatoka poa, mteja wa pili mwenye duka la viti Ngong Road anakuja anataka kitu kama hicho, faili zinakopiwa zote, rangi zinabadilishwa, picha zinabadilishwa, logo inabadilishwa, ile ID hakuna anayeikumbuka juu haionekani kwa macho. Kliniki ya kwanza inaanza kupata wageni wa duka la viti. Kama uko upande wa kliniki unaweza kuligundua hili: kwa ripoti ongeza dimensheni inaitwa Hostname, inakuonyesha kila domeini iliyotuma data kwa propati yako. Ukikuta domeini si yako, ama ukikuta localhost (kompyuta ya developa mwenyewe), ama ile anwani ya majaribio ya developa, basi namba zako zote za nyuma zimechanganyika, na GA4 haina kichujio cha kawaida cha kufungia nje domeini moja, vichujio vyake vya data ni vya trafiki ya ndani na ya madevelopa. Itabidi uwe unachuja Hostname kila unapotengeneza uchambuzi, na utafute huyo mwenzako aondoe ID.

Dawa ya websaiti ya majaribio iko kwa Tag Manager na si ngumu: unatengeneza variabo ya jedwali ambayo inaangalia domeini, ikiwa ni ile halisi inatoa ID halisi, ikiwa ni nyingine yoyote inatoa ID ya propati ya majaribio. Halafu tegi zote zinatumia hiyo variabo, hakuna mahali ID imeandikwa kwa mkono. Hii inaziba pia lile kosa la tegi kuu kuwa na ID sahihi lakini tegi ya tukio la mauzo kuwa na ingine, ambapo wageni wanaonekana kwa propati yako na mauzo yanaonekana kwa jirani.

Kampuni za utalii zina shida yao maalum. Chukua kampuni ya safari iliyo na domeini ya .com kwa wageni wa nje, ya .co.ke kwa wateja wa hapa, na kubuki kunafanyika kwa mfumo wa kampuni nyingine wenye domeini ya tatu. Analytics inamkumbuka mgeni kwa kuki ya _ga ambayo kwa kawaida inakaa miaka 2, lakini kuki ni ya domeini yake, haivuki. Duka likiwa shop. mbele ya domeini ileile haina neno, hiyo inashikwa yenyewe. Ila kutoka .com kwenda .co.ke mtu mmoja anakuwa watu wawili, na kwa ripoti unaona domeini yako mwenyewe ikitajwa kama ndio ilileta mteja. Suluhisho ni ID ileile kwa domeini zote halafu uzitaje zote kwa mipangilio ya cross-domain ndani ya strimu, ukifanya hivyo linki za kuvuka zitabeba kipande cha _gl kwa anwani, hiyo ndio dalili inafanya kazi. Kwa mfumo wa kubuki ni lazima uombe wakuwekee ID yako, na hapo uthibitishe kwa F12 vilevile, juu mifumo mingine bado ina kisanduku kilichotengenezwa kwa UA- na kinakubali chochote unachoandika.

Malipo nayo. Mteja akipelekwa kwa ukurasa wa kampuni ya malipo halafu akarudi, GA4 inaweza kusema mteja aliletwa na hiyo kampuni ya malipo, tangazo ulilolipia linakosa sifa yake. Domeini hiyo iweke kwa orodha ya rufaa zisizotakiwa. Na kwa STK push ya M-Pesa (lile ombi la malipo linalotokea kwa simu ya mteja) mambo ni mazito zaidi, mteja anaweka PIN kwa simu, anaona meseji ya kuthibitisha, anafunga ukurasa, ameridhika. Ukurasa wa asante haukufunguka kwa hivyo tukio la purchase halikutumwa. Pesa imeingia na Analytics haijui. Njia ya kuaminika ni seva yako ikishapokea majibu ya malipo kutoka Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na websaiti) ndio itume tukio yenyewe kupitia Measurement Protocol, njia ya Google ya seva kutuma data kwa Analytics, na hapo unahitaji ID ya G-, siri ya API iliyotengenezwa ndani ya strimu hiyohiyo, na cid ya mteja uliyoihifadhi mapema alipokuwa akinunua. Wakati wa kutoka majaribio kwenda live kila mtu anakumbuka kubadilisha funguo za Daraja juu bila hizo pesa haiingii, lakini ID na siri ya Analytics zinabaki za majaribio. Na Measurement Protocol inajibu kwamba imepokea hata kama ujumbe una makosa ama hautatumika, kwa hivyo logi ya seva itakuwa na majibu mazuri tupu na ripoti iko wazi. Iko anwani ya kujaribia, ina /debug/ ndani, hiyo inakuambia umekosea wapi kwa mpangilio wa ujumbe, ila unachotuma huko hakiingii ripoti.

Hapa kuna jambo ambalo linaniuma kwa kweli. Developa wengi wanapeleka mteja kwa ukurasa wa asante wakiwa wameweka namba ya simu kwa anwani, ile ya phone=2547 na kuendelea. Analytics inasoma anwani nzima na kuituma. Sasa kama ID ni ya mtu mwingine, umempelekea namba za simu za wateja wako na pengine walichonunua. Google wenyewe wanakataza data ya kumtambulisha mtu kuingia Analytics, na hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya Kamishna wa Data inayoisimamia. Ondoa namba kwa anwani kabisa, tumia namba ya oda. GA4 ina mpangilio wa kufuta vipande vya anwani kabla havijatumwa, uwashe pia, lakini usiutegemee kama ruhusa ya kuendelea kuandika namba za watu pale.

Umiliki sasa. ID inaweza kuwa sahihi kabisa, data inafika, lakini propati iko ndani ya akaunti iliyofunguliwa na Gmail ya developa ambaye alishaenda kazi ingine. Wewe uko na ruhusa ya kuangalia tu. Siku akikuondoa, ama akifuta propati, huna la kufanya, manake iliyofutwa inakaa kwa takataka siku 35 halafu inaenda kabisa na anayeweza kuirudisha ni mwenye ruhusa za juu. Ingia Admin leo uangalie uko na cheo gani, na uangalie kwa ngazi ya akaunti, si ya propati peke yake. Unatakiwa uwe Administrator hapo juu, kwa imeili ya biashara, na mtu wa pili unayemwamini awe vilevile. Kama propati iko kwa akaunti ya ejensi pamoja na za wateja wengine usikubali kuanza upya, propati nzima inaweza kuhamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine ikiwa na historia yake na ID ileile, mradi anayehamisha ana ruhusa pande zote mbili. Hii watu hawaijui, wanaambiwa "tutakufungulia mpya" na wanapoteza miaka ya data bure. Fanyeni hivyo pia na akaunti ya Tag Manager.

Ukiwa hapo Admin angalia saa. Propati ikiwa imeachwa na saa za Los Angeles, Jumatatu yako kwa ripoti inaanza saa nne asubuhi ya Nairobi, ama saa tano kulingana na msimu wao, kwa hivyo mauzo ya asubuhi yote yanaandikwa Jumapili. Weka Nairobi, na sarafu uweke ya Kenya kama unauza kwa shilingi.

Ukishabadilisha ID, thibitisha kwa njia mbili. Realtime inaonyesha dakika 30 zilizopita, ingia websaiti kwa simu ukitumia bando, si Wi-Fi ya ofisi ambayo huenda imechujwa kama trafiki ya ndani, uone ukitokea. Kama websaiti ina watu wengi na huwezi kujitambua, tumia Tag Assistant, zana ya Google ya kujaribu tegi, halafu uangalie DebugView ndani ya Analytics, hapo inaonyesha vifaa vilivyo kwa hali ya majaribio peke yake. Ripoti za kawaida zinaweza kuchukua siku moja hadi mbili kukamilika, usianze kubadilisha vitu tena saa moja baadaye ukidhani haikukubali.

Miezi iliyoingia kwa propati ya mtu mwingine haitakuja kwako. Hata ukiunganisha BigQuery, hifadhi ya data ya Google, leo, inaanza kupokea kuanzia leo, haichukui ya nyuma. Kinachowezekana ni kumwomba mwenye hiyo propati akuongeze kama mtazamaji, ama akutolee ripoti kwa CSV zikiwa zimechujwa kwa Hostname yako. Muombe mapema, juu data ya uchambuzi wa undani inahifadhiwa miezi 2 kama hakuna mtu aliyebadilisha mpangilio, na kwa propati ya bure mwisho ni 14. Halafu andika mahali tarehe uliyorekebisha na ulichorekebisha, iwe kwa faili ambayo maketing na developa wote wanaiona, ili mtu akifungua grafu mwaka ujao akute imeruka ghafla siku hiyo ajue ni tegi ilibadilishwa, asije akaenda kuongeza bajeti ya tangazo ambalo halikuhusika.